Kipandikizi cha jino la mbele siku ya kung'oa: mfupa wa kuongezea una kazi gani hasa?

Mtu ambaye jino lake la mbele la juu limevunjika hadi chini ya fizi, au ambaye mzizi wa jino hilo umepasuka kiasi cha kutofaa tena kutibiwa, huwa na swali linalotangulia mengine yote: atakaa na pengo kwa muda gani? Jibu ambalo madaktari wengi wa meno hulitoa siku hizi linatia moyo. Jino litang'olewa, kipandikizi, yaani skrubu ndogo inayochukua nafasi ya mzizi, kitafungwa katika shimo hilohilo, mfupa utaongezwa pembeni mwake, na pengine mgonjwa ataondoka siku hiyohiyo akiwa na jino la muda mdomoni. Ni maelezo ya pumzi moja, lakini ndani yake mna hatua nne, na kila hatua ina sababu yake, masharti yake na namna yake ya kuharibika.

Mkanganyiko huanzia kwenye neno "papo hapo". Kuna kuweka kipandikizi papo hapo, yaani siku ya kung'oa jino, na kuna kuweka jino papo hapo, yaani kukivika kipandikizi jino la muda kabla hakijashikana na mfupa. Kipandikizi chaweza kuwekwa papo hapo kisha kikafunikwa na kuachwa kitulie kwa miezi kadhaa, na jino la papo hapo laweza kufungwa juu ya kipandikizi kilichowekwa katika taya lililopona zamani. Jino la kudumu, kwa kawaida, si la papo hapo. Hilo huja miezi baadaye. Anayesikia neno hilo bila kuuliza linahusu hatua ipi huenda akalipia kitu kimoja huku akitarajia kingine.

Mkanganyiko wa pili ni mzito zaidi. Wengi hudhani kwamba kipandikizi kikiingia mahali pa mzizi, mfupa hautapungua, na kwamba mfupa wa kuongezea ndio unaokishikilia kipandikizi kisianguke. Dhana zote mbili si sahihi. Kipandikizi hushikwa na mfupa wa mgonjwa mwenyewe, ule ulio upande wa kaakaa na ule ulio ng'ambo ya ncha ya mzizi. Mfupa wa kuongezea umewekwa kwa kazi nyingine, nayo ni kulinda umbo la taya upande wa mbele, ambako fizi hupata egemeo lake na ambako kila anayetazama tabasamu huona kasoro.

Ukuta unaoishi kwa ajili ya jino

Mizizi ya meno ya mbele ya juu haikai katikati ya mfupa wa taya. Hulala ikiwa imesogea mbele, kiasi kwamba upande wa kaakaa hubaki mfupa mnene, ilhali upande unaotazama mdomo wa juu mzizi hufunikwa na ubapa ambao kwa watu wengi haufiki unene wa milimita 1, na kwa baadhi hukaribia wembamba wa ukucha. Ubapa huo ndio unaoitwa hapa ukuta wa mbele, na karibu kila kitu katika mada hii huuzunguka.

Sehemu kubwa ya ukuta huo, hasa ukingoni karibu na fizi, ni mfupa wa aina ya pekee. Ndimo zinamojichomeka nyuzi zinazouning'iniza mzizi ndani ya shimo lake, nyuzi zilezile zinazolifanya jino liyumbe kidogo sana tunapouma. Mfupa huo huumbwa jino linapoota na hudumu maadamu jino lipo. Jino likitoka, nyuzi hutoka nalo, na mfupa uliokuwa ukizipokea hukosa kazi. Seli zinazobomoa mfupa huanza kuuondoa, na mwili haufanyi juhudi ya kuujenga upya.

Tatizo la damu huongezea hapo. Ukuta wa mbele hupata damu kutoka pande tatu: kwenye nyuzi zinazozunguka mzizi, kwenye utando unaoufunika mfupa kwa nje chini ya fizi, na kwenye uboho ulio ndani ya mfupa wenyewe. Jino linapong'olewa, chanzo cha kwanza hukatika palepale. Ukuta ukiwa mwembamba mno hauna nafasi ya uboho, kwa hiyo chanzo cha tatu hakikuwapo tangu mwanzo. Kilichobaki ni utando wa nje, na daktari akikata fizi na kuibandua ili aone vizuri, naye hukivuruga hicho cha mwisho kwa muda. Ndiyo maana katika eneo hili madaktari waliobobea hupendelea kung'oa jino bila kubandua fizi, wakitumia vifaa vyembamba vinavyolegeza nyuzi za mzizi pande za kulia, kushoto na nyuma, bila kuuegemea ukuta wa mbele hata kidogo. Namna jino linavyong'olewa huamua mambo mengi kabla hata skrubu haijatolewa kwenye kifungashio chake.

Ukubwa wa upotevu huo umepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na Vivianne Chappuis na wenzake huko Bern, Uswisi, uliwafuatilia wagonjwa waliong'olewa jino moja la mbele la juu na kupona bila nyongeza yoyote. Baada ya wiki 8, wale ambao ukuta wao wa mbele ulikuwa na unene wa milimita 1 au pungufu walikuwa wamepoteza kimo cha ukuta huo kwa kiwango cha kati cha milimita 7.5, ilhali wenye ukuta mnene zaidi walipoteza milimita 1.1 tu. Jambo jingine lililoonekana ni kwamba upotevu huo hutokea katikati ya ukuta, huku pembeni, palipo na meno jirani, mfupa ukibadilika kidogo sana. Meno jirani huutunza mfupa wao. Ndiyo maana kuweka kipandikizi kimoja kati ya meno mawili mazima ni kazi yenye matumaini, na kuweka viwili vilivyopakana ni kazi nyingine yenye ugumu wake: katikati ya vipandikizi viwili hakuna jino la kuutunza mfupa, na ile ncha ya fizi ya pembetatu inayojaza nafasi kati ya meno mara nyingi hupungua, ikaacha kitundu cheusi.

Ahadi iliyopunguzwa ukubwa

Skrubu ya kipandikizi kwa kawaida ni ya metali ya titani. Historia yake ya kisasa huanza kwa Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, ambaye katika miaka ya 1950, akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura, aligundua kwamba vifaa vyake vya titani vilikuwa vimeshikana na mfupa kiasi cha kutotoka. Mwaka 1965 alimtibu mgonjwa wa kwanza kwa vipandikizi vya meno. Utaratibu wake ulikuwa wa subira: jino lilipong'olewa taya liliachwa lipone kwa miezi, kisha kipandikizi kikazikwa chini ya fizi na kuachwa bila mzigo wowote kwa takriban miezi 3 katika taya la chini na miezi 6 katika taya la juu.

Wazo la kuruka kipindi cha kwanza cha kusubiri nalo si geni. Katika miaka ya 1970, Wilfried Schulte wa Tübingen, Ujerumani, alikuwa tayari akiweka vipandikizi vya kauri katika mashimo ya meno yaliyong'olewa muda huohuo. Hoja iliyovutia wengi katika miongo iliyofuata ilikuwa kwamba mfupa utaona kuna kitu mahali pa mzizi, nao utakaa palepale. Ni hoja yenye mantiki kwa kuisikia, lakini haikustahimili uchunguzi. Mauricio Araújo na Jan Lindhe, pamoja na wenzao, waliweka vipandikizi katika mashimo mapya ya mbwa na kuonyesha, katika kazi zilizochapishwa kuanzia mwaka 2005, kwamba ukuta wa mbele ulipungua vilevile, kipandikizi kiwepo au kisiwepo. Sababu tumekwisha kuiona: mfupa ule ulikuwa ukiishi kwa nyuzi za jino, na titani haina nyuzi. Kipandikizi hushikana na mfupa moja kwa moja, kama msumari ulioota ndani ya mti.

Ni rahisi basi kuwaza matokeo. Mgonjwa anaondoka na jino zuri, fizi ikiwa imekaa sawa na ya jino jirani, na miezi michache inapita. Chini ya fizi, ukuta wa mbele unaendelea kuyeyuka. Fizi iliyokuwa imeuegemea inashuka ndani kidogo na kupanda juu, jino linaonekana refu kuliko mwenzake, na ikiwa fizi ni nyembamba, rangi ya kijivu ya metali inaanza kupenya. Kipandikizi chenyewe hakijalegea na kwenye eksirei kila kitu kinaonekana salama. Mgonjwa, hata hivyo, anaona alichokiona kwenye kioo, na yuko sahihi.

Mwanya na kinachotiwa ndani yake

Hapa ndipo mfupa wa kuongezea unapoingia. Kipandikizi kinachotumika mahali pa jino la mbele ni chembamba kuliko mzizi uliotoka, tena hakiwekwi katikati ya shimo bali husogezwa upande wa kaakaa. Kwa hiyo kati ya skrubu na ukuta wa mbele hubaki nafasi, tuiite mwanya, ambao madaktari wengi hutaka usipungue milimita 2. Mwanya huo hauachwi kwa bahati mbaya. Unatengenezwa kwa makusudi, kwa kuchagua kipandikizi kisicho kinene na kwa kukiweka mbali na ukuta dhaifu.

Msomaji makini anaweza kuuliza: je, mwanya huo hauwezi kujifunga wenyewe? Mara nyingi unaweza. Damu hujaa ndani yake, hugandamana, na bonge hilo hugeuka polepole kuwa mfupa mpya, hasa mwanya ukiwa mdogo na kuta zote za shimo zikiwa nzima. Ikiwa lengo lingekuwa kukifunika kipandikizi kwa mfupa tu, nyongeza isingehitajika kila mara. Lakini mwanya hujifunga kwa pande zote mbili, mfupa mpya ukiota kutoka ndani huku ukuta wa mbele ukibomoka kutoka nje, na mwisho wake taya hubonyea. Chembechembe za mfupa zinazojazwa humo hufanya kazi ya kiunzi: hushikilia bonge la damu lisisinyae, huzipa seli njia ya kupita, na, muhimu kuliko yote, hubaki mahali pake muda mrefu baada ya ukuta wa awali kutoweka. Nyongeza hiyo haizuii ukuta kubomoka. Hupunguza tu kiasi ambacho kubomoka huko huonekana kwa nje, kwa kuwa nyuma ya kinachoondoka kuna kitu kingine kilichosimama.

Ukishaelewa hivyo, uchaguzi wa nyenzo nao hueleweka. Mfupa wa mgonjwa mwenyewe, uliokwanguliwa sehemu nyingine ya taya, una seli hai na huchochea uponyaji kuliko nyenzo nyingine yoyote, na kwa mtazamo wa haraka ungeonekana kuwa bora kabisa. Udhaifu wake ni kwamba mwili huumeng'enya upesi, ilhali hapa tunataka kitu kinachodumu. Kwa hiyo nyenzo zinazotumika zaidi katika mwanya huu ni madini ya mfupa wa ng'ombe, yaliyosafishwa kwa joto na kemikali hadi protini na seli zote zikaondoka, yakabaki matundutundu magumu yanayoyeyuka polepole mno. Kuna pia mfupa uliochangwa na wafadhili waliofariki, ambao hukaushwa na kutakaswa, na kuna nyenzo za kutengenezwa kiwandani kama haidroksiapatiti na trikalsiamu fosfeti. Baadhi ya madaktari huchanganya, mfupa wa mgonjwa ukikaa karibu na skrubu na madini ya ng'ombe yakikaa nje. Iwapo ukuta una upungufu, huongezwa utando wa kolajeni wa kuzitenga chembechembe na fizi, kwa sababu seli za fizi hukua haraka kuliko seli za mfupa na zikipewa nafasi zitaujaza mwanya kwanza. Kolajeni hiyo mara nyingi hutokana na nguruwe au ng'ombe. Mgonjwa ambaye asili ya nyenzo ina uzito kwake, iwe kwa imani au kwa sababu nyingine, aulize mapema, maana njia mbadala zipo na si swali la kuonea haya.

Kitu kingine kinachoongezwa mara nyingi, ingawa hutajwa kwa sauti ndogo, ni fizi yenyewe. Kipande kidogo cha tishu kutoka kwenye kaakaa hupenyezwa chini ya fizi ya mbele ili kuinenepesha. Wapo watu ambao fizi yao ni nyembamba kiasi kwamba kifaa cha kupimia kikiingizwa chini yake huonekana kwa nje. Kwa hao, mfupa peke yake hautoshi. Kwa maoni yangu, makala nyingi za matangazo huzungumzia mfupa kupita kiasi na kuisahau fizi, ilhali kinachoonekana mtu anapocheka ni fizi.

Milimita zinazoamua

Hakuna nyongeza inayoweza kurekebisha kipandikizi kilichowekwa mahali pasipofaa. Skrubu ikisogezwa mbele, mwanya hutoweka, ukuta hubanwa, na fizi hupanda. Tafiti za vipandikizi vya papo hapo zimeonyesha mara kwa mara kwamba vile vilivyoegemea mbele hupata upandaji wa fizi mkubwa zaidi kuliko vilivyoegemea nyuma. Kosa hili hutokea kwa urahisi kuliko inavyodhaniwa. Ukuta wa kaakaa ni mgumu na umeinama, na ncha ya kekee ikigusana nao hutaka kuteleza kuelekea mbele, palipo laini, yaani ndani ya shimo lenyewe. Daktari asipoishikilia kwa nguvu, au asipotumia kifaa cha kuongozea kekee kilichochapishwa kutokana na picha za kompyuta, mwelekeo humponyoka bila yeye kujua.

Vipimo vinavyofuatwa na wengi ni hivi: kichwa cha kipandikizi kikae takriban milimita 3 hadi 4 juu ya mahali ambapo ukingo wa fizi unatarajiwa kuwa, kibakishe angalau milimita 1.5 kati yake na mzizi wa jino jirani, na kama vipandikizi ni viwili, kati yake ibaki milimita 3. Mwelekeo wake uruhusu skrubu ya kufungia jino itokee nyuma ya jino, upande wa ulimi, na si usoni. Pia kipandikizi lazima kiume mfupa mzima uliopo ng'ambo ya ncha ya shimo, kwa kawaida milimita 3 hadi 5, kwa sababu ndani ya shimo lenyewe hakuna cha kukishika isipokuwa ukuta wa nyuma.

Uthabiti wa awali unaopatikana kwa kuuma huko ndio unaoamua kama jino la muda litafungwa siku hiyo. Daktari hupima nguvu iliyotumika kukaza skrubu, na kiwango kinachotajwa mara nyingi ni nyutoni sentimita 35. Kikiwa chini sana ya hapo, busara ni kukifunika kipandikizi na kumpa mgonjwa jino la muda la aina nyingine, kwa mfano lililogundishwa kwenye meno jirani. Hata kikiwa imara, jino la muda lililofungwa juu yake hupunguzwa lisigusane na meno ya chini, si wakati wa kuuma wala wakati wa kusogeza taya mbele au pembeni. Ni jino la kuonekana, si la kutafunia. Sababu yake ni kwamba ushikamano hushuka kabla ya kupanda: wiki 2 hadi 4 za mwanzo, mfupa uliobanwa na skrubu humung'unywa huku mfupa mpya ukiwa bado laini, na huo ndio wakati ambao mgonjwa hajisikii maumivu tena na huanza kujisahau. Skrubu ikitikisika mara kwa mara kipindi hicho, mwili huizungushia tishu laini badala ya mfupa, na kipandikizi hupotea.

Jino hilo la muda lina kazi nyingine isiyosemwa sana. Sehemu yake inayopita katikati ya fizi huziba mdomo wa shimo, huzuia chembechembe za mfupa zisitoke, na huishikilia fizi katika umbo lilelile lililokuwapo jino la asili likiwa mahali pake. Fizi ikishaporomoka ni vigumu kuirudisha. Kuishikilia kabla haijaporomoka ni rahisi zaidi. Hii, kwa kweli, ndiyo faida kubwa ya njia ya papo hapo, kubwa kuliko ile ya kupunguza idadi ya siku za kwenda kliniki.

Anayefaa na anayepaswa kusubiri

Kutokana na yote hayo, hali inayofaa kwa njia hii ina sura yake: ukuta wa mbele mzima na usio mwembamba mno, fizi nene, mfupa wa kutosha ng'ambo ya ncha ya mzizi, pasipo usaha unaotiririka, na mgonjwa ambaye matarajio yake yanazungumzika. Ukuta hauwezi kuhukumiwa kwa eksirei ya kawaida, ambayo hulaza kila kitu katika bapa moja na kuuficha ukuta wa mbele nyuma ya mzizi. Huhitajika picha ya pande tatu, ile inayopigwa na mashine inayozunguka kichwa, inayoonyesha mkato wa taya kutoka mbele hadi nyuma. Hata hivyo, neno la mwisho husemwa baada ya jino kutoka, daktari anapopapasa ndani ya shimo kwa kifaa chembamba kuhakikisha hakuna tundu.

Watu wengi hawana sura hiyo kamili. Mzizi uliopasuka kwa urefu mara nyingi huwa umeshakula ukuta ulio mbele yake. Jino lililokuwa na usaha kwa miaka huacha tundu karibu na ncha. Na ugonjwa wa fizi huwa umeshapunguza mfupa pande zote. Katika hali hizo, kung'oa na kusubiri wiki 4 hadi 8 si kurudi nyuma. Katika muda huo fizi huziba shimo, maambukizi hutulia, na daktari hupata fizi ya kutosha kufunika mfupa atakaouongeza kwa upasuaji wa wazi. Pale ambapo upungufu ni mkubwa zaidi, mfupa hujengwa kwanza na kipandikizi huja miezi baadaye. Katika maandiko ya kitaalamu nyakati hizi zimepangwa katika ngazi nne, kutoka siku ya kung'oa hadi zaidi ya miezi 6, na hakuna ngazi iliyo bora kuliko nyingine pasipo kumtazama mgonjwa. Ninashuku njia zinazoitwa "za kisasa" kwa sababu tu ni za haraka. Shimo lisilo na ukuta halijali mwaka.

Kuna mambo ya mwili mzima pia. Uvutaji wa sigara hupunguza damu katika fizi na huongeza uwezekano wa kushindwa, na katika eneo hili lenye damu haba tangu mwanzo athari yake huwa nzito. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kupona. Dawa za kuzuia mifupa kudhoofika za kundi la bisifosfoneti, hasa zinazotolewa kwa sindano kwa wagonjwa wa saratani, pamoja na mionzi iliyowahi kupigwa katika taya, huweza kusababisha mfupa kufa baada ya upasuaji, kwa hiyo ni lazima zitajwe hata kama mgonjwa anadhani hazihusiani na meno. Anayesaga meno usingizini naye aseme, kwa kuwa jino la muda lisilogusana na mengine mchana huenda likagusana usiku.

Umri mdogo ni kizuizi ambacho wazazi hukipokea kwa ugumu. Kijana wa miaka 14 aliyepoteza jino la mbele kwa kuanguka hawekewi kipandikizi, si papo hapo wala baada ya mwezi. Meno ya asili huendelea kushuka pamoja na taya linalokua, ilhali kipandikizi, kwa kuwa kimeshikana na mfupa, hubaki palepale. Miaka michache baadaye jino lake litaonekana limepanda juu ya mengine, na hakuna njia ya kulishusha. Kwake hutumika daraja dogo, yaani jino bandia linalogundishwa nyuma ya jino jirani, hadi ukuaji utakapokoma, na kwa bahati nzuri madaraja hayo hudumu kuliko sifa yake inavyodokeza. Hata mtu mzima asiyetaka upasuaji anaweza kulifikiria.

Baada ya siku ya kwanza

Siku chache za mwanzo huwa na uvimbe kidogo na maumivu yanayotulizwa kwa dawa za kawaida. Chembechembe chache ndogo kama mchanga zinaweza kutoka mdomoni. Hilo peke yake si dalili ya kushindwa, lakini usaha, maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu, au jino la muda kuyumba ni mambo ya kumrudia daktari bila kungoja miadi. Mgonjwa haumi kitu kwa jino hilo, hulisafisha kwa brashi laini bila kuvuta fizi, na havuti sigara.

Baada ya miezi 3 hadi 6, kipandikizi kikishashikana, jino la kudumu hutengenezwa. Fundi anayelitengeneza anapaswa kupewa nakala ya umbo ambalo fizi imelichukua kuzunguka jino la muda, wala si alama ya kichwa cha kipandikizi peke yake, vinginevyo kazi yote ya kuishikilia fizi itapotea katika hatua ya mwisho. Jino lililofungwa kwa skrubu lina faida hapa kuliko la kugundishwa, maana mabaki ya gundi chini ya fizi ni chanzo kinachojulikana cha uvimbe na upotevu wa mfupa.

Jino likishawekwa, ukuta wa mbele hautaonekana tena kwa urahisi. Eksirei ya kawaida bado haiuonyeshi, na hata katika picha ya pande tatu kivuli cha titani hutia giza palepale panapotakiwa kutazamwa. Kwa hiyo kinachotumika kufuatilia hali yake ni ukingo wa fizi, ukilinganishwa mwaka hadi mwaka na ule wa jino jirani katika picha zilizopigwa kwa pembe ileile. Picha ya kwanza katika mfululizo huo hupigwa kabla ya kung'oa, jino lililovunjika likiwa bado mahali pake, na kliniki ambayo haikuipiga haina cha kulinganishia.